Vinundu Viwili

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la karafuu.
Hata leo, mvua ikinyesha Wete, kuta zinakumbuka,
na zile kompyuta sita za jumuiya
zikipata moto hunukia msimu wa mavuno.

Tumu ndiye aliyenifuata mlangoni.
"Bi Mize, kuna darasa."
Nikacheka mpaka miyaa ikanidondoka.
Darasa la kutazama kioo, kwa mtu ambaye
jua na taa kwake ni joto tu,
moja kubwa, moja dogo?

"Hutazami," akasema. "Unapapasa. Unasikiliza."

Siku ya kwanza akanishika vidole vya shahada,
akaviweka juu ya herufi mbili, F na J.
"Kila moja ina kinundu. Umekisikia?"
Nilikisikia. Chembe ya mtama chini ya ngozi.
"Hapo ndipo kwenu. Ukipotea, rudi hapo."
Miaka arubaini na moja nimesuka ukili,
mbili juu, moja chini, vuta, kaza,
sijapata kupotea kwenye mkeka.
Nikajua: kumbe hii nayo ni kazi ya mikono,
wenye macho wameichukua kwa kuwahi tu.

Lakini ile sauti ya mashine!
Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana Mkoani.
Ng'ombe alimkata vipande viwili
kabla hajafika kwa mchinjaji.
Nikawa namsahihisha, naye hasikii,
darasa zima likivunjika mbavu,
na Sharifa akicheka zaidi ya wote,
Sharifa ambaye vijana humbeba na kiti chake
kuvuka vidato viwili vya mlangoni,
maana waliokumbuka kompyuta
walisahau ubao wa kupandia.

Upande wangu wa kushoto hukaa Shaame.
Jirani yangu tangu nilipoolewa.
Yeye hajapata kunisikia, mimi sijapata kumuona,
miaka thelathini tunapishana njia moja ya kisimani
kama ndoo mbili.
Siku hiyo akaandika, mashine ikanisomea:
KUKU WAKO MWEUPE ANATAGA KWANGU.
Nikatafuta vinundu vyangu.
Nikamjibu, herufi moja moja, jasho likinitoka:
TANGU LINI?
TANGU MWAKA JUZI.

Basi.

Sasa niseme la Khelef, mtoto wa kaka yangu.
Raya akituma pesa kutoka Maskati
simu hunitetemea kifuani, nami humwita anisomee.
"Elfu arubaini, shangazi."
Kila mwezi arubaini, na kila mwezi
nikimtia Khelef kwenye dua.

Mfunguo Tatu simu ilitetema niko peke yangu.
Nikachomeka waya sikioni kama nilivyofundishwa,
na sauti ile ile isiyojua kutamka ng'ombe
ikatamka hesabu bila kosa hata moja.
Elfu sabini.

Sikumwita mtu.
Nilikaa na miyaa yangu,
mbili juu, moja chini,
nikirudi nyuma mwezi mmoja mmoja,
na ukili wa siku ile, wanasema, ulikaza mno,
haukushoneka.

Usiku tumezunguka sinia, mimi, Khelef, mkewe, watoto,
nikauchomoa waya.
Nikaiacha simu iseme mbele ya wali.
Sabini. Sabini. Sabini na tano, ile ya Idi.
Sabini.
Nikasikia tonge la mtu likisimama njiani.
Mtoto mdogo akauliza, "Nani huyo anayesema?"
Hakujibiwa.

Nikapapasa mpaka nikaufikia upande wake wa sinia,
nikamwagia mchuzi.
"Kula, mwanangu," nikamwambia.
"Kesho darasa saa tatu.
Utanipeleka wewe."